Nani Amelia Leo?

Kila jioni, katika nyumba za Rugu wilayani Karagwe kama ilivyo katika nyumba nyingi za nchi hii, hufanyika usaili mfupi ambao haujawahi kumpa mtu taarifa yoyote. Mzazi anauliza, "Mmesoma nini leo?" Mtoto wa darasa la kwanza, aliyetoka nyumbani umande haujakauka, akaimba, akapanga mstari, akahesabu vizibo vya soda, akaandika, akafuta, akaandika tena, anajibu kwa utulivu wa shahidi aliyefundwa na wakili: "Hatujasoma." Mzazi akiliamini jibu hilo atamlaumu mwalimu, akilipuuza, atasubiri ripoti ya mwisho wa muhula. Mimi nasema anakosea kote kuwili, kwa kuwa kibovu ni swali. Mtoto wa miaka sita hatunzi mada kichwani. Anatunza visa, na katika visa anachokitunza zaidi ni kile kilichoharibika. Mwulize nani amelia leo, na kwa nini, kisha funika ndizi zako zisipoe, maana taarifa itakuwa ndefu.

Utasikia kwamba aliyelia ni yule wa dawati la mbele. Kwamba ncha ya penseli yake ilivunjika. Kwamba aliomba kichongeo kwa jirani, jirani akataka alipwe karanga. Kwamba karanga zilikuwa zimeshaliwa wakati wa mapumziko. Kwamba wakiwa bado wanajadiliana mwalimu alitokea, akakuta wote wawili hawajaandika nane hata moja, akawatoa nje wakaichore mchangani kwa kidole. Mzazi mwenye masikio ameshapata somo la siku, ambalo ni namba 8; amepata njia ya kulifundisha, yaani mchanga kabla ya karatasi; amepata hali ya vifaa, na juu yake elimu ya uraia, sura ya madeni. Nane, kwa taarifa ya wanaoidharau, ni namba ngumu. Inautaka mkono mdogo ujipinde mara mbili bila kunyanyuka, na watoto wengi huikwepa adhabu hiyo kwa kuchora mduara, kisha kuubebesha mduara mwingine. Kwa mbali inapendeza. Mwalimu akiikaribia anakuta sifuri mbili zimepandana. Sasa niambieni ni ripoti gani ya muhula iliyowahi kumwambia mzazi jambo hilo.

Kwa hiyo ninachodai ni kwamba habari za kweli za darasa la kwanza zimo katika makosa na ajali zake ndogo ndogo, na kwamba hizo ndizo shule ingepaswa kumpelekea mzazi, na mzazi kuzidai, kabla ya alama na nafasi. Ushahidi wa kwanza uko kwenye daftari. Fungua ukurasa wenye vema nyekundu kumi zilizopangana. Unathibitisha nini? Kwamba kilichokuwa ubaoni kimehamia kwenye karatasi. Kunakili ni kipaji kinachojitegemea, na wapo watoto wanaokimudu kiasi cha kunakili tarehe, idadi ya wanafunzi waliohudhuria, mkwaruzo wa chaki iliyoteleza, na lile neno USIFUTE ambalo mwalimu aliliandika pembeni kuwaonya wa zamu ya kusafisha. Mtoto huyo akipewa daftari lake mwenyewe alisome atatazama dari. Mzazi naye anatazama vema zake na kuanza kuhesabu miaka iliyobaki mtoto awe daktari.

Sasa geuza ukurasa, tafuta wenye tundu. Tundu hilo halikuja kwa bahati mbaya. Raba ilipotea mwezi wa kwanza, kama raba zote, kwa hiyo kidole cha shahada kililambwa, kikasugua. Karatasi ikapata rangi ya kijivu, ikatoa vinyweleo, ikalainika, na mwisho ikaachia, hata hesabu za ukurasa wa pili zikaanza kuchungulia. Nyumbani tundu hilo huvuta kelele: umechafua daftari, unadhani madaftari yanaota shambani? Lakini tazama limetokea mahali gani. Limetokea pale ambapo mtoto aliandika kitu, akakitazama, akakikataa. Hakuna aliyemwambia. Alijua mwenyewe kwamba tano haitazami huko ilikotazama, akapigana nayo kwa silaha aliyokuwa nayo, yaani mate. Ukinipa watoto wawili, wa vema kumi za kunakili na wa tundu moja la kujisahihisha, na ukaniambia niweke dau la mbuzi juu ya nani atasoma gazeti kabla ya mwenzake, mbuzi wangu atafungwa kwenye mti wa huyu wa tundu.

Wanaodhani natania wakumbuke yaliyoonekana mwaka 2010, pale mpango wa Uwezo, uliokuwa chini ya shirika la Twaweza, ulipotuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba wakiwa na herufi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kuisoma hadithi hiyo ya Kiswahili. Miongoni mwa waliokuwa wakimaliza darasa la saba, takriban mmoja kati ya watano alikuwa hajaiweza bado. Watoto hao wote walikuwa wamepita darasa la kwanza, wakaandika, wakasahihishiwa, wakapandishwa. Madaftari yao hayakuwa na kasoro ya kumshtua mtu, na hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yenyewe.

Hapo msomi mmoja atanisimamisha, na pingamizi lake si la kupuuzwa. Atasema: hao Uwezo si waliwapa wazazi majibu papo hapo, sebuleni? Ikasaidia nini? Ni kweli. Mwaka 2014 Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walichapisha utafiti walioufanya vijijini Kenya, wakawalinganisha wazazi waliopewa na Uwezo matokeo ya watoto wao pamoja na maelezo ya hatua za kuchukua, na wazazi ambao hawakupewa. Tofauti ya matendo yao haikuonekana. Mtu anaweza kuusoma utafiti huo akahitimisha kwamba wazazi hawajali. Mimi nausoma vingine. Walichopewa ni kipimo na ushauri wa jumla, na vitu hivyo havina pa kushika. "Mtoto wako hawezi kusoma aya" ni habari ya kumfanya mtu ashushe pumzi, aseme Mungu atasaidia, arudi kupalilia maharage. Karagwe tunalijua jambo hili kwa muda mrefu kuliko wengine. Mwaka 1861 John Hanning Speke alifika kwa Omukama Rumanyika akiwa na utepe wake, akamwomba shemeji wa mfalme asimame, akampima mkono, kifua na paja, akaviandika vipimo kitabuni, akaenda zake kutafuta chanzo cha Nile. Vipimo vilikuwa sahihi, bila shaka. Shemeji alibaki na paja lake lilelile. Lakini mwambie mzazi kwamba mwanawe akikutana na "mb" au "nd" huiruka herufi ya kwanza, hivyo mbuzi wote wa kitabuni wamekuwa "buzi", na utaona kama hataanza jioni hiyohiyo, kwa kicheko, mbele ya mbuzi mwenyewe.

Tena kutokuambiwa kuna hasara yake. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili, ulioanza kutumika mwaka 2015, ulitia mkazo kwenye sauti za herufi. Mtoto hufundishwa kwanza herufi inavyolia, ndipo aunganishe. Ni njia nzuri, ila hakuna aliyekwenda kumweleza bibi. Mtoto akirudi na kuketi uani akisema "mmm, mmm", bibi anamshika paji la uso. Akisema "sss", watu wanaangalia chini ya mkeka. Akifika kwenye "b", baba, aliyeimba "ba, be, bi, bo, bu" enzi zake mpaka mabati yakatikisika, anaingilia kwa nia njema kabisa: hiyo inaitwa "be". Dada aliyeko sekondari anaona aibu, anasahihisha kwa Kiingereza: inaitwa "bii". Mtoto anaheshimu wakubwa wote watatu. Kesho yake akitakiwa kusoma neno "baba" anachukua "be" ya baba yake, anaongeza "a", anarudia, anatangaza mbele ya darasa: "beabea". Mwalimu anaandika kwamba mtoto hajamudu kuunganisha. Si kweli. Ameunganisha kila alichopewa, na ukoo mzima umo ndani. Na mambo hayajatulia, kwani Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika, darasa la kwanza likiwamo katika yale ya mwanzo. Baba aliyekuwa ndiyo kwanza ameizoea "mmm" amerudi nyuma tena.

Rugu ina kisa chake cha nyongeza, kinachojulikana na kila mwalimu aliyepangiwa huku akitokea mbali. Watoto wengi huingia darasani na Kinyambo kilichokomaa na Kiswahili cha kuitikia shikamoo. Mwalimu anasema "fungueni madaftari". Nusu ya darasa inafungua. Mwalimu anasema "fungeni", na nusu ileile, ikiwa imejiridhisha kwamba neno ni lile, inafungua zaidi. Mwenye haraka ataliita hilo ukaidi, na likifika nyumbani kwa jina la ukaidi litakuwa na majibu yake. Likifika kama lilivyotokea, mama atacheka, atachukua sufuria na mfuniko wake, na kabla maji hayajachemka mtoto atakuwa ameonyeshwa kufungua na kufunga mara nyingi kuliko ratiba ya shule ingeruhusu. Hesabu nazo ni hivyohivyo. "Una ndizi tatu, mama akikupa mbili, utakuwa na ngapi?" Swali limetungwa na mtu anayenunua ndizi sokoni moja moja. Huku ndizi hukatwa mkungu, hugawanywa kwa chane, na mtoto mwenye akili lazima ajiulize kwanza kama ni za kupika, za kuiva au za pombe, na mama amepatwa na nini leo hata atoe mbili. Anayenyamaza katika swali hilo huenda ndiye pekee aliyelitafakari.

Jambo hili hata serikali iliwahi kulijua. Kuanzia mwaka 1968, katika mradi wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO kwenye mikoa ya Ziwa, ukiwamo mkoa wa Ziwa Magharibi ambao leo ni Kagera, vitabu vya kujifunzia vilitungwa juu ya kazi za watu: pamba, uvuvi, ng'ombe, na migomba. Wazee walifundishwa kusoma kwa kutumia mgomba ambao tayari walikuwa wanajua unaumwa nini. Nalikumbusha hilo kwa ajili ya wale wanaosema wazazi wa vijijini hawawezi kushirikishwa masomo kwa kuwa wengine hawakusoma. Asiyejua kusoma hawezi kuikagua insha, sawa. Lakini tundu kwenye daftari linaonekana hata kwa kidole, na kisa cha kichongeo hakihitaji cheti.

Tatizo ni kwamba mahali palipotengwa kwa ajili ya kuzungumza na wazazi pameshajaa. Hudhuria kikao cha wazazi popote wilayani. Ajenda ya kwanza ni kufungua kikao. Ya pili ni mahindi na maharage ya chakula cha mchana. Ya tatu, matundu ya vyoo. Ya nne, madawati, na palepale mzee mmoja atasimama kuuliza yale yaliyochangiwa mwaka juzi yalikwenda wapi, na saa mbili zitapita zikimsikiliza. Kusoma na kuandika kwa watoto, ikiwa kutatajwa, kutakuwa chini ya Mengineyo, wakati akina mama wameshafunga khanga na mawingu yameshaingia. Sisemi vyoo si muhimu. Mtoto aliyebanwa hasomi chochote. Nasema tu kwamba mtu aliyekaa kikao kizima anarudi nyumbani akiijua shule kama mkandarasi, anajua idadi ya tofali na bei ya bati, na hajui kwamba darasa zima la kwanza limekwama kwenye herufi "g" kwa sababu mkia wake unaelekea kulia leo na kushoto kesho.

Walimu wana pingamizi lao, na nalipokea kwa mikono miwili. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, madarasa ya kwanza yamefurika, na mwalimu kusimama mbele ya watoto zaidi ya mia si jambo la kumshangaza mkaguzi. Mtu huyo ana daftari mia za kusahihisha, makamasi ya kufuta, kamba za viatu vya wale wenye viatu, na anatakiwa amkumbuke yule aliyeingia darasani na kifaranga mfukoni. Nani atamwambia akaandike barua za visa kwa wazazi mia? Hakuna. Ila mwalimu tayari ana kalamu nyekundu mkononi. Badala ya vema kumi zilizopigwa kwa mkupuo mmoja, azungushie duara kosa moja tu la mtoto, lile linalojirudia, basi. Duara moja halichukui muda mrefu kuliko vema kumi. Usafirishaji wa taarifa ni bure, kwani mtoto mwenyewe ndiye mjumbe, na nimeshaeleza kwamba hawezi kuificha habari ya ajali hata ukimlipa karanga.

Wengine wanasema mjumbe huyo hutia chumvi. Anatia sana. Mtoto wa miaka sita hajui kuhesabu hadi mia lakini atakwambia mwalimu aliwachapa fimbo mia. Kumbukeni pia kwamba ni mdogo kuliko wazazi wake walivyokuwa. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka watoto waanze shule wakiwa wakubwa zaidi, ili wamalizapo wawe na nguvu za kazi. Kwa miaka mingi mtu alianza akiwa na saba au zaidi, na palipokosekana cheti cha kuzaliwa alipitishwa mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Mwenye mikono mifupi alirudishwa nyumbani kukua. Leo anaandikishwa wa miaka sita, sikio lake halijafikiwa, na baba yake aliyeanza na ndevu changa anamshangaa kwa nini haandiki vizuri. Chumvi yake, hata hivyo, huingia kwenye idadi zaidi kuliko kwenye kisa. Fimbo si mia, lakini kuna jambo limetokea saa ya kuandika, na sasa unajua pa kuuliza.

Limebaki pingamizi linaloninyima usingizi, nalo ni hilohilo la fimbo. Ukimpelekea mzazi makosa ya mtoto, je, hujampelekea hati ya mashtaka? Kwa shule kuna kanuni za mwaka 2002: anayechapa ni mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, na viboko havizidi vinne. Nyumbani hakuna kanuni kama hizo, hakuna daftari la kumbukumbu, na mchapaji ni yeyote aliye karibu na mti. Mtoto atakayechapwa kwa tundu moja atajifunza kwa siku moja jambo ambalo halimo katika mtaala: kuchana ukurasa. Baada ya hapo daftari lake litakuwa safi, na chanzo chetu cha habari kitakuwa kimekufa. Kwa pingamizi hili sina jibu kamili. Ninachojua ni kwamba habari hubeba sauti ya aliyeitoa. Mwalimu akimwambia mzazi njiani, huku anacheka, "Mama, mwanao leo kanipandishia sifuri mbili akaniambia ni nane," ni vigumu mama huyo kutafuta fimbo. Amepewa kichekesho, na kichekesho watu hukipeleka kwa jirani. Akiitwa ofisini kwa barua kuambiwa jambo lilelile, atafika na fimbo kabisa ili kuokoa muda.

Kwa hiyo pa kuanzia ni pale chini kabisa ya ripoti ya muhula, kwenye mstari ulioandikwa Maoni ya Mzazi. Mstari huo kwa kawaida hujazwa "Nimeona, asante" au "Mwalimu aongeze bidii", na asiye na la kusema huweka sahihi ndefu ili kumaliza nafasi. Mzazi wa Rugu na autumie kupeleka kisa cha upande wake: kwamba mtoto anageuza tatu akiiandika mezani, ila jikoni, kwa kijiti kwenye majivu, haigeuzi, kwamba maharage anayahesabu bila kosa mpaka ishirini na tisa, kisha anasema "ishirini na kumi" na hakubali kushawishiwa vinginevyo. Mwalimu akisoma hilo atajua la kufanya Jumatatu. Na kama mzazi hajui kuandika, mwandishi wake yupo hapo hapo nyumbani, ana penseli nusu, na ataandika polepole sana, kwa kulamba kidole.